VITABU VYA MAARIFA VIMEFIKA: NANI ATAVISOMA?

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu)



Halmashauri imetupa ruhusa kusema machache juu ya jambo ambalo halijapata kuandikwa katika taarifa ya mwaka ya chama hiki. Taarifa zetu kwa desturi huwa na habari za matanga, za gari la kuwapeleka marehemu wetu nyumbani, na za karo za watoto wa wanachama. Hayo Mweka Hazina amekwisha kuyaeleza, nasi hatutayarudia. Letu ni juu ya maktaba ya umma iliyo sokoni kwetu kule ufukoni mwa Ziwa, na vitabu vipya vilivyopokelewa humo mwaka huu.

Sisi tukaao hapa mjini huipita ile maktaba tunapokwenda nyumbani sikukuu. Twaona watoto wamejaa, kila mmoja ameinamia daftari lake, basi twasema: hapo ni mahali pa watoto wa shule. Wala hatukosei sana. Watoto hao huja kwa ajili ya meza, taa na utulivu. Vitabu wanavyosoma wamevileta wenyewe kutoka shuleni. Vitabu vya maktaba vimesimama rafuni, vikingoja mtu mzima.

Vilivyofika safari hii karibu vyote ni vitabu vya maarifa, yaani si vya hadithi. Vimo vya ufugaji wa kuku na nyuki, vya magonjwa ya mahindi, vya afya ya mama na mtoto, vya umeme wa jua, vya hesabu za biashara ndogo, vya sheria, na vichache vya historia. Tuliviona kwa macho yetu vikitolewa masandukuni, vikipigwa mhuri, na kubandikwa namba mgongoni.

Huenda vijana hawajui kwamba jambo hili la masanduku ya vitabu si geni katika nchi hii. Mwaka 1946 Bibi Elspeth Huxley aliandika taarifa juu ya haja ya vitabu kwa Waafrika wa Afrika ya Mashariki, na mwaka 1948 ikaanza kazi ile idara iliyoitwa East African Literature Bureau, mkuu wake wa kwanza akiwa Bwana Charles Richards. Idara hiyo ilichapa vitabu kwa jina la Eagle Press, ikapeleka masanduku ya vitabu mashambani, na mtu aliyekaa mbali aliweza kuazima kwa posta. Wakati huohuo, maktaba kubwa ya McMillan mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1958. Mwafrika aliyetaka kusoma alikuwa akingoja sanduku. Baada ya Uhuru ilitungwa Sheria ya Bodi ya Maktaba ya Taifa, mwaka 1965, na Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Basi jengo, mshahara wa mkutubi na paa linalovuja si mzigo wa chama hiki, na yeyote atakayetuomba fedha za mabati tutamwelekeza panapohusika.

Lakini kuna kazi ambayo kaunti haiwezi kuifanya kwa niaba yetu, nayo ni kusema tunataka kujua nini. Vitabu vingi katika maktaba za Kenya ni zawadi. Liko shirika la Uingereza liitwalo Book Aid International, ambalo asili yake ni kazi iliyoanzishwa na Lady Ranfurly mwaka 1954 akiwa Bahama. Hilo hupokea vitabu vipya kutoka kwa wachapaji na kuvipeleka Afrika. Twashukuru. Hata hivyo mtoa zawadi yeyote hutoa kilichomo ghalani mwake. Asiyeambiwa haja yako atakupa chake, nawe utapokea kwa mikono miwili na kuweka rafuni.

Tuchukue mfano wa samaki, maana ndiyo kazi ya watu wengi wa kwetu. Kwanza yafaa wazee wajue jinsi vitabu vya maarifa vinavyopangwa, ili wakiingia wasihisi wamepotea. Mpango huo ulibuniwa na Mmarekani, Melvil Dewey, mwaka 1876. Elimu yote imegawanywa kwa namba kutoka 000 hadi 999. Sheria ziko 340, dawa na magonjwa 610, kilimo na mifugo 630, historia ya Afrika 960. Samaki ana makao mawili: akiwa majini anaogelea yuko 597, pamoja na elimu ya wanyama, akiisha kunaswa wavuni anahamia 639. (Mzee mmoja alipoelezwa hayo alisema kwamba huyo Dewey hakika aliwahi kuona mwalo jioni.)

Basi tulikwenda 597 na 639 kutazama. Tulikuta vitabu vizuri vyenye picha za rangi, na samaki wa bahari za mbali ambao hakuna mama atakayewaanika hapa. Ngege hakuwamo. Fulu hakuwamo. Mbuta tulimwona mara moja katika picha ndogo. Je, ni kwa sababu Ziwa letu halijaandikwa? La, limeandikwa sana. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilipima Ziwa zima, kwa kuwa ngege walikuwa wakipungua tangu nyavu za kigeni zilipoingia katika Ghuba yetu mwaka 1905. Taarifa yake ilitoka mwaka 1929, na alipendekeza matundu ya wavu yasipungue inchi 5. Wazee, mabishano mliyo nayo leo na vijana wenu juu ya nyavu za matundu madogo yalikwisha andikwa kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Tena Mholanzi mmoja, Tijs Goldschmidt, aliyechunguza fulu upande wa Mwanza, aliandika kitabu kizima juu ya samaki hao, na jinsi walivyoangamia baada ya mbuta, aliyetiwa Ziwani tangu miaka ya 1950, kuzidi nguvu. Kitabu hicho kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1996. Watu wa nchi za mbali wamesoma habari za fulu, hali mtoto wa Uyoma au Karachuonyo hana pa kuzisoma, na fulu mwenyewe hamwoni kwa wingi ule babu yake aliomwona.

Hilo ndilo linalotusumbua. Vitabu vipya vimefika, navyo ni vyema, lakini vinavyotuhusu sisi havifiki kwa bahati. Huja vikiitwa kwa jina.

Na wala si vya samaki tu. Chama chetu, tuseme wazi, ni chama cha kuzika. Twajua pia yanayofuata baada ya matanga kuvunjwa: mjane kuambiwa afungashe, ndugu kugawana ng'ombe na mashamba kabla udongo haujakauka. Katika rafu ya 340 sasa imo Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981. Kifungu cha 45 chasema mtu asiguse mali ya marehemu ila kwa idhini ya sheria au kwa hati ya mahakama. Kifungu cha 40 chaeleza habari ya mtu mwenye wake kadhaa akifa bila wosia: mali hugawanywa kwa nyumba, kwa kadiri ya hesabu ya watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai huhesabiwa kama mmoja zaidi. Si sisi tuliotunga maneno hayo, na wako wazee watakaotaka kubishana nayo. Haya, wabishane nayo wakiwa wameyasoma. Ni watu wangapi humu ukumbini wametoa fedha za wakili kwa jambo lililoandikwa kwa mistari mitano?

Sasa twaingia penye ugumu wenyewe. Vitabu hivi vingi ni vya Kiingereza. Mzee aliyesoma hadi darasa la nne hawezi kukaa peke yake na kitabu cha magonjwa ya mahindi, na mama aliyeuza omena maisha yake yote hana haja ya kudharauliwa na kurasa. Kwa hiyo mkutubi alikubali jambo moja kwa majaribio: Jumamosi alasiri, watoto wakiisha kuondoka, kijana aliyemaliza kidato cha nne husoma kwa sauti na kufasiri kwa Kijaluo, nasi watu wazima twasikiliza na kuuliza.

Siku ya kwanza kilisomwa kitabu cha kuku. Kilianza kwa kueleza banda la nchi ya baridi, lililozibwa kila upande upepo usipite. Mama mmoja akasema kwamba kuku wake wangekufa kwa joto humo kabla ya Krismasi, na watu wakacheka, na kijana akaona haya kana kwamba kitabu kilikuwa chake. Lakini mbele kidogo kilieleza chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni. Mama yuleyule aliomba pasomwe mara ya pili, polepole, kisha akauliza chanjo hiyo huhifadhiwa vipi isiharibike njiani kwa jua. Hayo yamo pia: lazima ikae penye baridi. Majuma mawili baadaye alikuja na jirani zake wanne.

Twataja hilo kwa sababu lilituonyesha kwamba kitabu cha maarifa hakisomwi kama Maandiko. Hukosolewa. Kile kinachotufaa hushikwa, kile cha nchi nyingine huachwa hukohuko, na ili kutenga hivi na vile wanahitajika watu wenye miaka ya kazi mikononi. Mtoto wa shule hawezi kujua kwamba banda lile ni la baridi.

Tena baadhi ya vitabu vyenyewe vilitoka vinywani mwa wazee. Marehemu Profesa Bethwell Ogot, mwana wa Gem, aliyefariki mwezi wa Januari mwaka 2025, alipoandika historia ya Waluo wa Kusini iliyochapwa mwaka 1967, alikusanya masimulizi kwa wazee. Kabla yake Chifu Paul Mboya wa Karachuonyo alikwisha toa Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, kwa lugha yetu wenyewe, na Bwana Shadrack Malo akaandika habari za koo za Nyanza ya Kati, mwaka 1953. Hata mabishano juu ya mazishi ya marehemu S. M. Otieno, ambayo wengi wenu mliyafuata kwa redio hadi akazikwa Nyalgunga mwezi wa Mei mwaka 1987, yameandikiwa kitabu na David William Cohen pamoja na mwanahistoria wetu Atieno Odhiambo, mwaka 1992. Katika hivyo vyote, siku tuliyokwenda kutazama, 960 ya maktaba ya kwetu ilikuwa na kimoja, tena kimekatika jalada.

Vijana watatuambia: yote haya yamo katika simu. Baadhi yamo, kweli. Lakini simu humpa mtu jibu la swali alilokwisha kulijua, humpa na uongo kwa bei ileile, na fedha za bando zikiisha hunyamaza. Tena simu ni ya mtu mmoja. Hatujaona bado watu ishirini wakikaa kuzunguka simu moja kubishana juu ya matundu ya wavu.

Wazee nao wametuambia, na kwa heshima kubwa twawajibu, kwamba fedha za chama ni za msiba, na msiba haungoji. Ni kweli. Hatuombi hata senti moja kutoka mfuko wa matanga. Ombi la Halmashauri ni mchango wa mbali, shilingi 200 kwa kila mwanachama kwa mwaka, uwekwe katika hesabu yake yenyewe, kwa ajili ya rafu moja tu: vitabu vya Ziwa na watu wake, vya lugha yetu, vya Kiswahili na vya Kiingereza, pamoja na sheria zinazogusa ardhi, urithi na uvuvi. Vitakuwa mali ya maktaba, si ya chama, wala havitafungiwa nyumbani kwa mtu yeyote, hata awe Mwenyekiti. Pia twaomba kila mwalo utoe mtu mzima mmoja wa kuhudhuria Jumamosi, na mzee atakayekubali maneno yake yaandikwe juu ya ngege na fulu, na majina ya pepo za Ziwa, na mahali walipozaliana samaki kabla ya magugu maji kuziba. Daftari na kalamu tutaleta sisi.

Mbele ya Mwandishi, hapo mezani, kuna karatasi mbili. Moja ni ya majina ya watakaochanga. Ya pili haina mistari: kila mtu aandike, au amwambie mjukuu wake amwandikie, jambo moja analotaka kulijua na ambalo hajapata wa kumweleza. Mkutubi ameahidi kuipeleka kunakoagizwa vitabu. Hadi tunaposimama hapa imeandikwa na watu watatu: mmoja ataka kujua dawa ya minazi, ambayo sisi hatuna, wa pili ataka sheria ya mpaka wa shamba na maji Ziwa linapopanda kama lilivyopanda mwaka 2020, wa tatu hakutia jina, ameandika tu, kwa mwandiko wa mtu mzima, kwamba ataka kitabu cha kumfundisha kusoma.