Hadithi Baada ya Taa Kuzimwa

(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache niseme lolote nilipendalo. Nimechagua woga.

Mwaka 1970 tulikuwa Kidato cha Pili. Taa za bweni zikizimwa, mtambaji hadithi nilikuwa mimi. Majini wangu walikuwa na kwato, nao wote walikaa njia ya chooni.

Mwaka huohuo, nasi hatuna habari, Wamarekani walianza kutazama mfululizo wa michezo ya kutisha ya televisheni, Night Gallery. Huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, hivyo mimi nimeitazama uzeeni, kwenye kompyuta ya mjukuu wangu. Mtambaji wao alikuwa Rod Serling, aliyekwisha kupata jina kwa The Twilight Zone ya 1959 hadi 1964. Husimama gizani kando ya picha iliyochorwa, husema maneno machache, kisha hadithi huanza. Kila hadithi ina watu wake. Hakuna shujaa anayelazimika kurudi wiki ijayo, basi mtazamaji hajui nani atapona. Hapo ndipo utamu ulipo. Si yote mizuri. Vile vichekesho vyao vya dakika mbili tatu ningevitupa.

Lakini upo mchezo uitwao Eyes, yaani Macho, ulioonyeshwa Novemba 8, 1969, katika filamu iliyotangulia mfululizo wenyewe. Aliuongoza Steven Spielberg, kijana wa miaka 22. Joan Crawford anaigiza mama tajiri, kipofu tangu kuzaliwa. Ananunua macho ya maskini mmoja anayedaiwa fedha na wacheza kamari, ili aone kwa muda wa saa 11 tu. Usiku ule anafungua bendeji, na papo hapo umeme wa jiji zima unakatika. Yanayofuata siwaambii.

Humo hamna jini hata mmoja. Kinachotisha ni mtu kununua macho ya mwenzake, na daktari kukubali kwa kuwa anaogopa siri yake kutolewa.

Nilipoutazama nilikumbuka bweni. Palikuwa na mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza ambaye, kwa hadithi zangu, hakuthubutu kwenda chooni usiku. Kulipokucha shuka yake ikaonekana. Bweni zima likacheka, nami nikacheka kuliko wote, muhula mzima. Leo yumo humu ukumbini. Asubuhi nilimwomba radhi faraghani, na sasa namwomba mbele yenu. Aliniambia kwamba kwato alizisahau kabla ya likizo, kicheko hakukisahau.

Mchezo huo utaonyeshwa bwaloni leo baada ya chakula cha jioni. Kidato cha Kwanza wakae mbele. Na kiranja wa zamu, tafadhali, taa ya njia ya chooni iachwe ikiwaka hadi asubuhi.