Karatasi za Mwamuzi
(Hotuba ya Mwandishi wa Kwaya katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya faida aipatayo mtu katika kazi za sanaa na mashindano. Najua wako wanachama waonao kwamba fedha za nauli na sare za kwaya zingefaa zaidi katika mfuko wa maziko. Maoni hayo si ya kupuuzwa. Lakini kabla hamjakata shauri, yanipasa kuungama jambo.

Mwaka juzi kwaya yetu, yenye waimbaji wa Kibera na wa Kawangware, iliingia mashindanoni ikawa ya mwisho. Mwamuzi alinikabidhi karatasi yenye alama na maelezo yake. Niliisoma ndani ya matatu nikaona haya. Aliandika kwamba sauti ya nne yaifunika sauti ya kwanza, na kwamba waimbaji hawautazami mkono wa kiongozi. Nami naimba sauti ya nne. Nikaikunja karatasi, nikaifungia katika mtoto wa meza, nikawaambia wenzangu kwamba mwamuzi hakuandika neno la maana.

Kwa kuwa sababu haikujulikana, kila upande ulitafuta wa kumlaumu. Wa Kibera walisema wa Kawangware huchelewa mazoezini. Wa Kawangware walisema wa Kibera wana majivuno. Mwaka jana tukashindwa tena kwa makosa yale yale, na karatasi ya pili ikayataja kama ya kwanza. Usiku ule nilizitoa zote mbili nikazipeleka kwa kiongozi wa kwaya. Tangu hapo twafanya mazoezi kwa zamu, Jumapili moja ng'ambo hii ya Barabara ya Ngong na Jumapili ya pili ng'ambo ile, na karatasi hizo husomwa kabla ya wimbo wa kwanza. Lawama zimepungua, maana sasa kila mtu alijua kosa lake.

Mashindano ya sanaa si mageni kwetu. Zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, washairi wa Mombasa na wa Lamu walijibizana kwa tungo; na ajuaye kwamba atajibiwa hupima vina na mizani yake kwa uangalifu. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, vyama vya ngoma ya beni, kama Marini na Arinoti, vilishindana kwa gwaride na mavazi. Vyama hivyo hivyo vilizika wanachama wao na kuwasaidia wageni mjini, kama chama chetu kifanyavyo. Hata hivyo, wako waliotumia mali kupita kiasi kwa kutaka sifa, na hofu ya wazee wetu ina msingi.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na hata leo waamuzi huwaeleza washindani makosa yao. Kikombe huchukuliwa na mmoja, bali maelezo hupewa kila mmoja. Hiyo ndiyo faida isiyohitaji ushindi. Mimi mwenyewe, barua yangu ikirudishwa ofisini kwa kosa, zamani nilinuna. Sasa nauliza kosa li wapi.

Kwa hivi naomba mambo mawili. Sare mpya zisinunuliwe. Za zamani zatosha. Lakini nauli ya mashindano isiondolewe, na kila karatasi ya mwamuzi isomwe mbele ya mkutano huu, iwe ya sifa au ya aibu. Wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Karatasi zote mbili ziko juu ya meza ya Mwenyekiti. Mzee yeyote apendaye na azisome.