Itazame Ndege, Usiikimbilie

Hotuba hii ilitolewa na fundi wa ndege mstaafu, mzaliwa wa Kibwezi na mkazi wa Kitui, alipozungumza na vijana na wazazi mjini Kitui. Tunaichapisha kwa manufaa ya wananchi wote.

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu kazi ya ndege. Nitaanza na jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya bila kufundishwa, nalo ni kuinua macho ndeke inapopita.

Mimi nilizaliwa Kibwezi. Ukichora mstari kwenye ramani kutoka Mombasa hadi Nairobi, utaona unapita karibu na Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, sambamba na barabara kuu na reli. Sisi tuliochunga mbuzi huko tulizitazama ndege kila siku. Hatukujua kwamba kuna watu duniani wanaofanya vivyo hivyo kwa makini, wakiwa na darubini na daftari.

Kunapokuwa na maonyesho makubwa ya ndege, kama yale ya Dubai au ya Las Vegas kule Marekani, watu hao husimama nje ya ua wa uwanja kutazama jeti za wafanyabiashara zikitua moja baada ya nyingine. Wanaandika saa, aina ya ndege na herufi zake. Hata Nairobi tumepata nafasi kama hiyo. Mkutano wa viongozi wa Afrika kuhusu tabianchi, tarehe 4 hadi 6 Septemba 2023, ulileta ndege za wageni kutoka nchi nyingi.

Vijana, hebu niwafundishe kuisoma ndege.

Kwanza, tazama injini. Ndege kubwa za abiria nyingi zina injini chini ya mabawa. Jeti ndogo za wafanyabiashara kwa kawaida huwa nazo nyuma, kando ya mkia. Ukiona bawa limekaa juu ya madirisha, pangaboi moja puani na magurudumu yasiyokunjwa, huenda hiyo ni Cessna Caravan, ambayo hutua hata kwenye kiwanja cha vumbi.

Pili, soma herufi ubavuni. 5Y ni Kenya, 5H ni Tanzania, 5X ni Uganda, ET ni Ethiopia, ZS ni Afrika Kusini, N ni Marekani. Ni kama nambari ya gari: inakuambia ilikosajiliwa, si lazima mwenyewe awe anatoka huko.

Tatu, jiulize kwa nini imetua pale. Njia ya kurukia ya JKIA ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Zile za Wilson hazifiki hata nusu ya hapo. Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, hasa jua likiwa kali. Ndiyo sababu jeti kubwa inayotoka ng'ambo itaelekea JKIA. Hiyo ni fizikia ileile mnayoilalamikia darasani.

Msidhani jeti ndogo ni za matajiri pekee. AMREF, shirika lililoanza mwaka 1957, lina huduma ya madaktari warukao yenye makao Wilson, na miongoni mwa ndege zake zimo jeti za Cessna Citation. Mgonjwa akiwa mahututi, ndege ni gari la wagonjwa. Ndege za pangaboi zinaweza kumfuata hadi kiwanja kidogo. Lakini rubani akikuta ng'ombe wamelala katikati ya kiwanja, atafanya nini? Atazunguka huku mgonjwa akingoja. Kwa hiyo wazazi, kiwanja cha Ithookwe na kile cha Makindu si malisho, wala si njia ya mkato ya bodaboda.

Sasa niseme lililonileta hapa. Nikiwa darasa la sita, helikopta ilitua kwenye uwanja wa shule yetu. Tulikimbia sote, walimu wakiwa nyuma yetu wakipiga kelele. Upepo wa mapangaboi ukainua mawe, ukang'oa bati lililolegea kwenye paa la choo. Bati lile lilimpata rafiki yangu mkononi. Kovu analo hadi leo. Nilipokuja kusomea ufundi ndipo nilipoelewa kwamba siku ile tulikuwa na bahati, maana wengine wetu tulikuwa tunaelekea mkiani. Pangaboi dogo la mkiani likizunguka kwa kasi, macho hayalioni. Mtu huingia mwenyewe.

Kitui tumeandaa Sikukuu ya Mashujaa hapa Ithookwe, tarehe 20 Oktoba 2025. Wageni wengine watakuja, na helikopta zitatua kwenye viwanja vya shule zetu. Basi tukubaliane. Watoto wakae mbali, nyuma ya kamba au ua, hadi mapangaboi yasimame kabisa. Kofia, leso na mifuko ya plastiki vishikwe. Asikaribie mtu ila rubani amemwita kwa ishara, naye apitie mbele, kamwe asipitie nyuma. Mabati yaliyolegea yapigiliwe misumari kabla ya siku ya mgeni.

Na ninyi mnaopenda picha, kumbukeni viwanja vikubwa hulindwa na sheria. Ombeni ruhusa kabla ya kutoa kamera. Droni nayo hairushwi bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

Nilianza na daftari la kurasa 32 na kalamu ya kuazima. Niliandika kila ndeke iliyopita juu ya mbuzi wa baba. Daftari hilo ndilo lililonifikisha kwenye karakana za Wilson. Kijana, anza lako leo, ukiwa umesimama mahali salama.