Taa ya Nini? A-unganifu na Usomaji wa Dashibodi ya Gari Lililoagizwa

Mada ya mhadhara huu ni kipashio kidogo mno: a-unganifu katika virai kama vile "taa ya oili" na "taa ya betri". Kila mwanafunzi wa sarufi hukutana nacho katika mwaka wake wa kwanza. Hata hivyo, dereva wa gari lililotumika Japani na kuingizwa Afrika Mashariki anaweza kupoteza injini, fedha au hata maisha kwa kukifasiri visivyo.

Kenya, Uganda na Tanzania, kama ilivyo Japani, huendesha magari upande wa kushoto wa barabara. Hiyo ni mojawapo ya sababu za magari hayo kuenea katika nchi hizi. Lakini yalitengenezwa kwa ajili ya msomaji mwingine, na kitabu chake cha maelekezo, iwapo bado kimo garini, aghalabu ni cha Kijapani. Alama nyingi za dashibodi hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 2575. Rangi nazo zina utaratibu wake: nyekundu huonya juu ya hatari, njano hutaka tahadhari, na kijani au buluu kwa kawaida hutoa taarifa tu. Kwa kukosa maelezo ya maandishi, wasemaji wameyaunda majina kutokana na picha. Birika lenye tone mdomoni likawa "taa ya oili". Kisanduku chenye alama za kujumlisha na kutoa kikawa "taa ya betri".

Hapo ndipo tatizo lianziapo. A-unganifu hudokeza kwamba upo uhusiano baina ya nomino mbili, lakini haielezi ni uhusiano gani. "Kikombe cha chai" chaweza kuwa kikombe chenye chai, au kikombe kitupu cha kunywea chai. Mezani, macho huondoa utata huo. Katika dashibodi, kinachotajwa kimefichika chini ya boneti.

Chukuliwe mfano wa taa nyekundu ya oili. Dereva aionapo hudhani kwamba oili imepungua, akaongeza lita moja na kuendelea na safari. Katika magari mengi taa hiyo haipimi kiasi cha oili, bali presha yake. Oili yaweza kuwa tele ilhali pampu imechoka, na injini ikakwama baada ya mwendo mfupi. Fasiri sahihi ni kuizima injini mara gari liegeshwapo mahali salama, kisha kutafuta chanzo.

"Taa ya betri" nayo hupotosha kwa namna iyo hiyo. Ikiwaka injini ikiwa inanguruma, kwa kawaida maana yake ni kwamba mfumo wa kuchaji haufanyi kazi: pengine mkanda umekatika au alteneta imekufa. Anayekimbilia kununua betri mpya ametibu nomino, wala hakutibu ugonjwa. Betri hiyo nayo itaisha njiani.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi. Baadhi ya magari ya zamani ya Japani yana taa yenye alama tatu za kanji zisomwazo "haikion". Mtu akizitafsiri moja moja atapata "toa", "hewa" na "joto", na huenda akaongeza maji katika rejeta. Kumbe zikisomwa pamoja hutaja joto la moshi wa ekzosi. Gari likiwa na misi, mafuta yasiyoungua huenda kuungulia katika kifaa cha kusafishia moshi, nacho kikapata joto kali. Gari la namna hiyo likiegeshwa juu ya nyasi kavu linaweza kuwasha moto. Maneno yote matatu yametafsiriwa. Uhusiano wake haukutafsiriwa.

Yaweza kudaiwa kwamba mashine ya kusomea misimbo imekwisha kulimaliza tatizo hili. Sivyo. Msimbo P0301 husema kwamba silinda ya kwanza ina misi. Hausemi kama kosa ni la plagi, la koili au la nozeli. Fundi mzuri huuliza: taa iliwaka lini, inawaka mfululizo au inamweka, na gari lilikuwa likifanya nini? Kwa istilahi za taaluma hii, fundi huyo anatafuta muktadha.

Funzo kwa wanaleksikografia ni bayana. Majina ya gereji yana haki ya kuingizwa katika kamusi, kwa kuwa ndiyo yanayotumika. Lakini kidahizo "taa ya oili" kisifafanuliwe kwa kusema tu kwamba ni taa ihusuyo oili; fasili ya namna hiyo huurudia utata uleule. Ifafanuliwe kuwa ni taa ionyayo kwamba presha ya oili imeshuka katika injini. Neno "presha" likikosekana katika fasili hiyo, atakayelipa gharama si mwanakamusi, bali ni dereva aliyeiamini kamusi yake.