Bandari Yenye Bawabu: Guangzhou, Kasumba na Mkataba wa Nanjing



Tumezoea kuifundisha habari hii kwa sentensi moja: China ilijifungia, Waingereza wakaja na mizinga wakaifungua. Naomba leo tuikatae sentensi hiyo. China ya watawala wa Qing haikuufunga mlango wake. Ilibakiza mlango mmoja kwa meli za Ulaya, ikauwekea bawabu, na ugomvi wote ulikuwa juu ya bawabu huyo.

Mlango wenyewe ulikuwa Guangzhou, mji ambao Wazungu waliuita Canton. Tangu 1757 meli za Ulaya zilifanya biashara hapo tu. Wageni walipangishwa nyumba na maghala kando ya mto, nje ya kuta za mji. Wake zao hawakuruhusiwa kufika. Msimu wa biashara ukimalizika, walifungasha wakaenda Macao kungoja msimu mwingine. Kuuza na kununua kulipitia kwa matajiri wachache wa Kichina wenye kibali cha serikali, na kila meli ilikuwa na mdhamini miongoni mwao: nahodha akikorofisha, anayebanwa ni mdhamini. Juu ya wote alikaa mkuu wa forodha aliyetumwa kutoka Beijing. Mwaka 1759 James Flint, Mwingereza aliyejifunza Kichina, alithubutu kusafiri kaskazini kupeleka malalamiko dhidi ya maofisa wa Guangzhou. Alifungwa Macao miaka 3. Mchina aliyemsaidia kuandika barua alikatwa kichwa.

Ukatili huo siutetei. Lakini anayeona katika masharti yale chuki ya wageni na hakuna zaidi, ameikosa shabaha. Mimi naona ofisi ya forodha inayotaka kujua nani ameingia, kaleta nini, na atakayedaiwa mambo yakiharibika ni nani. Tena biashara ilishamiri chini ya masharti hayohayo. Mwaka 1834 mali ya Wu Bingjian, kinara wa wale matajiri, aliyejulikana kwa Wazungu kama Howqua, ilikadiriwa kufikia dola milioni 26.

Kilichowakera Waingereza zaidi kilikuwa mizani ya fedha. Mwaka 1784 Bunge lao lilishusha ushuru wa chai kutoka asilimia 119 hadi 12.5, na unywaji ukapanda mno. Wachina, kwa upande wao, hawakuwa na haja kubwa na sufu ya Uingereza. Mwaka 1793 balozi Macartney alikwenda kumwomba mfalme Qianlong afungue bandari zaidi. Alirudi mikono mitupu. Basi meli zikaendelea kushusha fedha na kupakia chai, mpaka ilipopatikana bidhaa ya kuigeuza mizani: kasumba.

Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilihodhi kasumba ya Bengal, ikainadi Calcutta kwa wafanyabiashara binafsi, na hapo ikanawa mikono. Magendo hayakuwa yake tena. Yake ilikuwa faida. Makasha yalipakuliwa kwenye meli zilizogeuzwa maghala karibu na kisiwa cha Lintin, kisha mashua za makasia mengi zikayaingiza bara, maofisa wakihongwa njiani. Kabla ya 1820 yaliingia takribani makasha 4,000 kwa mwaka. Kufikia 1838 yalikaribia 40,000. (Sisi neno kasumba tumelihamishia kwenye akili iliyotawaliwa, mpaka wanafunzi wengi hawajui kwamba kwanza ni dawa ya kulevya. Mwalimu anaweza kuanzia hapo.)

Machi 1839 kamishna Lin Zexu alifika Guangzhou. Alikamata makasha zaidi ya 20,000, na kuanzia Juni 3, huko Humen, akayateketeza kwa siku 23 katika mahandaki yenye maji, chumvi na chokaa, kisha yakaachiwa kuelekea baharini. Kabla ya hapo aliwaomba radhi mizimu wa bahari kwa uchafu ule. Asichokiona ni hila iliyokwisha kufanyika: Charles Elliot, mwakilishi wa Uingereza, aliwataka wafanyabiashara wamkabidhi shehena yao yeye, kwa jina la serikali yake, ndipo naye akaikabidhi kwa Lin. Kwa hatua hiyo mali ya magendo iligeuka deni kati ya dola na dola. Aprili 1840 upinzani katika Bunge la Uingereza ulijaribu kuishutumu serikali kwa mwenendo wake juu ya China, ukashindwa kwa kura 271 dhidi ya 262.

Vita vikapiganwa, China ikashindwa, na Mkataba wa Nanjing ukatiwa saini Agosti 29, 1842. Fidia ilikuwa dola milioni 21 za fedha: 12 za gharama za vita, 3 za madeni ya wale matajiri, na 6 za kasumba iliyoteketezwa. Bandari 5 zilifunguliwa, Hong Kong ikachukuliwa, na lile kundi la wadhamini likavunjwa. Mwaka uliofuata ushuru ulipangwa karibu asilimia 5, na Mwingereza mkosaji akawa wa kuhukumiwa na konseli wake. Bawabu alikuwa ameng'olewa.

Kwa Zanzibar masharti ya namna hii si mageni. Mkataba wa 1833 kati ya mtawala wake, Sayyid Said, na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 na kumpa konseli haki ya kuamua kesi za Wamarekani wao kwa wao. Said alikubali kwa hiari, na hiyo ni tofauti kubwa. 

Ombi langu kwenu ni hili: tukifika Nanjing darasani, tuanze na ushuru na mahakama, Hong Kong ifuate. Kisiwa kinaonekana kwenye ramani, ndiyo maana kinakumbukwa. Lakini ushuru na mahakama havionekani kwenye ramani: kuanzia 1863 hadi 1911 forodha ya China iliongozwa na Robert Hart, mzaliwa wa Ayalandi. Mamlaka ya kujipangia ushuru ilirejea karibu 1930, na haki ya Waingereza ya kuhukumiana wenyewe ndani ya China ilifutwa 1943.