Mfereji Usizibe: Kuchuja, Kuhamisha na Kugawa Vinywaji vya Shughuli

(Mazungumzo ya mjumbe wa kamati ya biashara mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Wenzangu wamekwisha sema juu ya hisa, mikopo na kisanduku chetu cha kufuli tatu. Mimi nimepewa nafasi kusema juu ya kitu kidogo kuliko kufuli, nacho ni tundu la mfereji wa ndoo ya juisi. Msicheke, jamani. Fedha nyingi zinazoingia kisandukuni hupita kwanza kwenye tundu lile. Siku linapoziba mbele ya watu, jina la kikundi ndilo linaloziba.

Nyote mnaijua hali yenyewe. Shughuli imekolea, wageni wamesimama na gilasi mkononi, mfereji unatoa tone moja moja. Hapo ndipo mtu anapochokonoa kwa kijiti, au anainama akapuliza kwa mdomo. Wallahi, hilo ndilo ninaloliogopa kuliko hasara. Visiwa vyetu vinaijua kipindupindu. Aprili 2016 skuli zilifungwa, na uuzaji wa vyakula na juisi mitaani ukapigwa marufuku kwa sababu ya maradhi hayo. Mdomo wa mtu mmoja ukipuliza kwenye mfereji, wanaokunywa ni wageni wote.

Wengine, juisi ikiwa nzito, huongeza maji ili ipite. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na sisi tumesifiwa miaka 10 hii, kwa hiyo tujihadhari.

Sasa tuangalie kwa nini mfereji unaziba. Ukwaju una nyuzi, vipande vya ganda na nyama laini. Ubuyu una unga unaovimba ukikaa majini, hata juisi iliyokuwa nyepesi asubuhi huwa nzito jioni. Tangawizi ina nyuzi, na ina wanga mweupe unaozama chini. Vyote hivi ni mashapo, na mashapo hutafuta chini ya ndoo. Mfereji nao umetiwa wapi? Chini kabisa. Basi tunafungua mlango pale pale takataka zilipojikusanya.

Dawa ya kwanza ni kuchuja kwa hatua. Anza na kifumbu au kung'uto kuondoa mbegu na nyuzi kubwa. Halafu chungio la waya. Mwisho kitambaa cha bafta au melimeli kilichochemshwa. Anayeanza na melimeli moja kwa moja atasimama hapo mpaka adhuhuri, kwa sababu kitambaa kizuri huziba upesi. Chuja ukwaju ungali vuguvugu, maana ukipoa huwa mzito. Weka vitambaa viwili, kimoja kikipungua kasi kisuuze huku kingine kinafanya kazi. Na usikamue kitambaa mwishoni! Najua mkono unawasha kuona matone yamebaki, lakini ukikamua unayasukuma mashapo yapite, na kazi yote imepotea.

Dawa ya pili ni kutulia. Juisi iliyochujwa iache pahala pa baridi, imefunikwa, mpaka mashapo yashuke. Kisha hamisha iliyo safi, ya chini iache. Ukimimina kwa upawa, chota juu kwa juu. Ukihamisha kwa mpira, mdomo wa mpira usiguse chini, ubaki vidole vitatu au vinne juu ya mashapo, na uufunge kitambaa chepesi kwa ulegevu. Ukikaza kitambaa, utaziba wewe mwenyewe. Tena usivute kwa mdomo. Jaza mpira maji yaliyochemshwa, ziba ncha zote mbili kwa vidole safi, ncha moja itie ndani ya juisi, nyingine ishushe chini ya ndoo ya juu, achia. Maji ya mwanzo yamwage, kisha juisi itashuka yenyewe.

Akili hii si yetu peke yetu. Wateso wa Uganda na Kenya hukaa kuzunguka chungu cha pombe ya ulezi na kunywa kwa mirija mirefu, na ncha ya chini ya mrija hutiwa kichungio kidogo kilichosukwa ili machicha yasipande. Pombe yao waachieni wenyewe, lakini kichungio kile tukichukue.

Dawa ya tatu ni ndoo yenyewe. Tunaponunua ndoo mpya, mfereji utobolewe vidole vitatu au vinne juu ya kitako. Zile za zamani zenye mfereji wa chini, tia kipande cha ubao chini ya upande wa mfereji ili ndoo iinamie nyuma kidogo. Mashapo yatakwenda nyuma, na juisi safi itabaki mbele. Kile cha mwisho kisichotoka, kiacheni. Hiyo si hasara, ndiyo bei ya gilasi safi.

Na kabla hujasema mfereji umeziba, legeza kwanza kifuniko. Ndoo iliyofungwa sana haiingizi hewa, na juisi haitoki mpaka hewa iingie mahali pake. Ukilegeza kifuniko ikatiririka, mfereji hauna kosa.

Dawa ya nne ni safari. Ukitoka Mjini kwenda Makunduchi au Nungwi, gari inatikisa kila kilichotulia. Kwa hiyo juisi isafiri kwenye madumu yaliyofungwa vizuri, na ndoo za mifereji zisafiri tupu, safi, zimefunikwa. Ukifika, acha madumu yatulie kama nusu saa, halafu mimina polepole kupitia melimeli. Sukari iyeyushwe yote kwa maji ya moto kabla ya kutoka nyumbani, maana chembe za sukari nazo huziba. Barafu isitiwe ndani ya juisi, ndoo ikalishwe kwenye beseni la barafu.

Dawa ya tano ni kuosha siku ile ile. Mfereji ufunguliwe vipande vyote, usuguliwe kwa brashi nyembamba, usuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, ukaushwe. Utelezi uliobaki ndani ndio unaoanza kuziba shughuli ya wiki ijayo, na ndio unaochachusha juisi. Tena ukwaju ni mkali, usilazwe kwenye sufuria ya alumini wala usipite kwenye mfereji wa shaba. Tumia plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu.

Na juisi ikianza kutoa povu na dumu likavimba, imechachuka. Hiyo haiendi kwa mteja, hata kama mwenye shughuli yuko mlangoni anasubiri. Waislamu tunajua kinachofuata baada ya kuchachuka, na asiyekuwa Muislamu naye hakulipa apewe kitu kilichoharibika.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Kamati inaomba fungu kutoka mfuko wa biashara kwa ajili ya ndoo nne zenye mifereji inayofunguka, jora la bafta, faneli mbili na brashi. Pia tunaomba kila shughuli iwe na mwenye zamu mmoja, anayekaa karibu na ndoo, mwenye mfereji wa akiba kwenye mfuko wake. Mfereji ukigoma, ndoo inafunikwa, inaondolewa, inaletwa nyingine. Hakuna kuchokonoa, hakuna kupuliza.

Najua wapo wanaosema tuiache kazi hii kwa sababu ina fadhaa. Mimi nasema tusiiache. Wanawake wengi wa kikundi hiki hawana duka wala shamba, wana mikono na jiko. Haba na haba hujaza kibaba, lakini tundu likiziba, kibaba hakijai.