Kompyuta Imekataa Kuwaka Baada ya Kuongezwa Memori

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji wa Lobule na Rhino Camp, umejinyima ukanunua memori mjini Koboko au Arua. Umeiweka, na sasa kompyuta inalia tu, kioo giza. Usiitupe.

Zima, chomoa waya na betri. Rudisha memori ya zamani peke yake. Ikiwaka, kompyuta ni nzima.

Sasa soma maandishi ya memori zote mbili. Kompyuta inayotaka DDR3L ya volti 1.35 inaweza kukataa DDR3 ya volti 1.5, hata kama inaingia vizuri. Zikilingana, safisha meno yake taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, kisha ikandamize mpaka vishikio vifunge.

Bado inakataa? Irudishe dukani. Kwa hiyo, tunza risiti.